Nilibonyeza "Ruhusu": je, nimemuuza kaka yangu?

Swali: "Shikamoo wakili. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro. Ada za watoto na kodi ya fremu viligongana mwezi mmoja, nikapakua aplikesheni ya mkopo kwa linki niliyoikuta kwenye grupu la WhatsApp. Niliomba 100,000, ikaingia 70,000, natakiwa kurudisha 100,000 ndani ya siku saba. Nilichelewa siku mbili, nikalipa 100,000 yote. Wakasema kuna faini ya 38,000. Nilipobisha wakaanza kuwatumia watu meseji: mama mkwe, mchungaji wangu, wateja, na kaka yangu mkubwa aliyeko Tabora. Wameweka picha yangu nimeshika kitambulisho cha NIDA, juu yake wameandika TAPELI. Kaka alinipigia akasema neno moja tu, 'Umeniuza', akakata simu. Najua nilibonyeza Ruhusu mwenyewe. Je, nina pa kusemea? Na kaka, nimemuuza kweli?"

Marahaba, dada yangu. Nianze na kaka, maana naona limekuuma kuliko hiyo 38,000.

Hukumuuza. Namba yake haikuwa mali yako hata uweze kuiuza. Ulipobonyeza "Ruhusu" ulijisemea wewe. Kaka yako hakupakua kitu, hakusoma masharti, hakuulizwa, na hakuna sheria inayokuruhusu wewe kumridhia mtu mzima mwenye akili zake. Kampuni iliyochukua namba yake na kumtumia meseji inapaswa kueleza kwa nini ilikuwa nayo, na "dada yako alikubali" si maelezo. Wakopeshaji wa aina hii wanategemea kwamba wewe utaona aibu na kaka atakukasirikia wewe, kisha mambo yaishie ndani ya ukoo, huku wao hakuna aliyewauliza kitu.

Tuiangalie hiyo "Ruhusu" yenyewe, kwa sababu ndiyo inayokufanya ujione huna haki. Simu nyingi za Android zikiwekwa Kiswahili, swali linalotokea ni kama unataka kuiruhusu aplikesheni "ifikie anwani zako". Anwani! Nimewahi kumuuliza mteja wangu mmoja, mama wa makamo muuza samaki, alielewa nini alipoona neno hilo. Akanijibu, "Si sanduku la posta? Nikasema potelea mbali, sina." Akabonyeza. Kumbe anwani kwa lugha ya simu ni majina na namba zote ulizohifadhi: za mganga wa mtoto, za aliyekuposa zamani, za kaka wa Tabora. Ridhaa ni pale mtu anapojua anaridhia nini na kwa kazi gani. Mtu aliyedhani ameulizwa sanduku la posta hajaridhia kunakiliwa namba mia nne.

Nimesema kunakiliwa, na hapo watu wengi wanakosea. Ukishabonyeza, aplikesheni inaweza kuisomba orodha yote na kuipeleka kwenye mitambo yao kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Kuifuta aplikesheni baadaye kunawazuia wasichukue zaidi, lakini walichokwisha kuchukua wanacho. Kwa hiyo usishangae meseji kuendelea wakati simu yako umeshaisafisha.

Na ile linki ya grupu ingekushtua. Tangu tarehe 31 Mei 2023 sera ya Google Play, duka la aplikesheni la Android, inazikataza aplikesheni za mikopo ya watu binafsi kugusa orodha ya namba na picha za mteja. Ndiyo maana wakopeshaji wengi wa aina hii sasa wanalikwepa duka hilo, wanakurushia faili moja kwa moja kwa WhatsApp au kwa meseji ya kawaida. Mkopeshaji akikupitisha mlango wa uani, jiulize kwa nini wa mbele umemshinda.

Kwa nini wanazitaka namba kwa uchu hivyo? Fikiria biashara yao. Amekukopesha 70,000 bila kukuona, bila mdhamini, bila kitu cha kushika. Wale wa kausha damu wa mtaani angalau huchukua kadi ya benki au televisheni. Huyu wa mtandaoni akitaka kukushtaki, nauli ya wakili peke yake inazidi deni. Kwa hiyo amechukua dhamana ya aina nyingine: heshima yako mbele ya mama mkwe na mchungaji. Orodha ya namba ndiyo televisheni yako aliyoibeba.

Sasa sheria. Faragha ya mtu imo kwenye Katiba yetu, ibara ya 16. Lakini kwa miaka mingi ilikuwa kama sahani ya ukutani: ipo, inapendeza, hakuna anayeilia. Kilichobadilisha mambo ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, pamoja na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua tarehe 3 Aprili 2024. Kwa lugha ya sheria hiyo kampuni iliyochukua taarifa zako inaitwa mkusanyaji, na wewe ni mhusika wa taarifa. Kaka yako naye ni mhusika wa taarifa, kwa haki yake mwenyewe.

Sheria ina mambo mengi, lakini kwa kesi yako yanatosha mawili. La kwanza, taarifa zinakusanywa kwa lengo lililotajwa, na hazitumiki kwa lengo jingine lisilopatana nalo. Hata tukisema, kwa kubishana tu, kwamba uliwapa namba ili wapime kama unakopesheka, kupima si kutangaza. La pili, taarifa zichukuliwe kwa kiasi kinachohitajika kwa kazi hiyo. Kwa mkopo wa 70,000, namba ya mchungaji inahitajika kwa lipi? Sijawahi kupata jibu la swali hili kutoka kwa kampuni yoyote, na nimeuliza.

Adhabu si ndogo. Anayetoa taarifa binafsi kinyume na lengo lililokusudiwa, akiwa mtu binafsi, faini yake ni kuanzia 100,000 hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Ikiwa ni kampuni, faini inaanzia milioni 1 na inaweza kufika bilioni 5. Kando ya hapo kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kifungu chake cha 23 kinamgusa mtu yeyote anayetuma ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza mtu moyo, na faini yake haipungui milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu. Nimesisitiza "mtu yeyote" makusudi. Wale vijana wanaolipwa kuketi na simu tano mezani wakituma "TAPELI" mchana kutwa hudhani kosa ni la bosi. Kifungu hicho hakimtaji bosi, kinamtaja aliyetuma. Kama msomaji mwingine wa jibu hili ana mdogo wake anayefanya kazi hiyo, amwambie leo.

Utaniuliza kama kuna mtu amewahi kuadhibiwa kwa haya. Majirani zetu Kenya walitutangulia. Sheria yao ya ulinzi wa data ni ya mwaka 2019. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data kule Nairobi iliipiga kampuni ya Mulla Pride, yenye aplikesheni za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi za Kenya 2,975,000. Kosa? Kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine kutuma meseji na kupiga simu za vitisho. Ni kisa cha kaka yako kabisa, ila kimetokea ng'ambo ya Namanga. Uamuzi wa Kenya hauifungi Tume yetu, lakini misingi ya sheria hizi mbili inafanana, na mimi huwa nautaja kwenye barua zangu bila haya.

Deni lenyewe tusilikwepe. Wapo wanaowadanganya watu mtandaoni kwamba mkopeshaji akikosa leseni basi hela ni sadaka. Mimi sisemi hivyo. Ulipokea 70,000, ukarudisha 100,000. Hiyo ni ziada ya 30,000, karibu 43 kwa mia kwa siku tisa, na kwa macho yangu ni wizi uliovaa tai. Lakini umelipa. Hiyo 38,000 usiilipe kwa woga. Wadai mchanganuo wa maandishi kwanza. Benki Kuu ilitoa mwongozo wa wakopeshaji wa kidijitali wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea amana za watu, mwaka 2024, na Novemba mwaka huohuo ikatangaza aplikesheni na majukwaa 69 yanayokopesha bila kukidhi masharti. Angalia kama ya kwako imo. Ikiwa imo, wapelekee malalamiko na Benki Kuu pia.

Na wakikutumia karatasi yenye nembo ya polisi inayosema "hati ya kukamatwa", usikimbie kwenu. Deni la mkopo ni la madai. Kampuni haina mamlaka ya kuandika hati ya kukamata mtu. Hati hutoka mahakamani. Karatasi hiyo ni zawadi kwako. Itunze, ni ushahidi mzuri kuliko wote.

Kaka naye asitishwe na neno "mdhamini". Aplikesheni nyingi zinakutaka uandike majina mawili ya watu wa karibu, kisha zinawapigia na kuwaambia, "Wewe ni mdhamini, lipa." Mdhamini ni mtu aliyeahidi mwenyewe kulipa. Kuandikwa jina na dada yako hakukufanyi mdhamini, kama ambavyo kuandikwa jina kwenye kadi ya harusi hakukufanyi bwana harusi.

Basi fanya hivi, na ufanye wiki hii kabla meseji hazijafutwa. Waombe mama mkwe, mchungaji, kaka na mteja mmoja au wawili wakupigie skrinishoti za walichopokea. Zionyeshe namba iliyotuma, tarehe na saa. Skrinishoti iliyokatwa juu haina msaada. Waambie wasiisambaze ile picha, hata kwa kukuonea huruma. Huwa tunatuma "jamani mwoneni ndugu yetu walivyomfanya", na kumbe tunaendeleza kazi ya yule aliyeianza. Kisha fungua meseji za muamala, ile ya 70,000 kuingia na ile ya 100,000 kutoka. Angalia jina la mpokeaji. Aghalabu si jina la aplikesheni, ni la kampuni nyingine kabisa, na hilo ndilo jina la kuandika kwenye malalamiko. Nimeona kesi nzuri zikichechemea kwa sababu mtu alilalamikia jina la rangirangi lililoko kwenye kioo cha simu, na hakuna kampuni iliyosajiliwa kwa jina hilo.

Ukishakusanya, waandikie wao kwanza, kwa barua pepe au kwa WhatsApp ileile wanayokutukania. Usitukane. Andika hivi, ukijaza tarehe zako:

"Nilikopa kwenu tarehe fulani na nimerudisha 100,000 tarehe fulani. Kuanzia leo naondoa ridhaa ya ninyi kutumia namba zilizokuwa kwenye simu yangu, picha yangu na kitambulisho changu. Acheni kuwasiliana na mtu mwingine yeyote kuhusu mkopo huu. Futeni namba hizo, na mnijibu kwa maandishi mmempa nani na kwa kazi gani. Nipeni pia mchanganuo wa 38,000 mnazodai. Msiponijibu ndani ya siku saba, napeleka lalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi."

Siku saba nimeziweka kwa utani kidogo. Ni hizohizo walizokupa wewe.

Wakijibu au wasijibu, peleka lalamiko Tume, kwa maandishi, pamoja na viambatisho vyote. Sheria inaitaka Tume iumalize uchunguzi ndani ya siku 90 tangu ilipopokea lalamiko. Polisi nenda sambamba, usisubiri Tume: fika kituoni, eleza kwamba ni kosa la mtandao, toa skrinishoti, na usiondoke bila RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Akitokea askari wa zamu akakwambia "hayo ya mikopo malizaneni wenyewe", mjibu kwa upole kwamba hukuja kwa ajili ya deni, umekuja kwa ajili ya ile picha. Namba zinazotumika kwa utapeli unaweza pia kuziripoti kwenda 15040.

Jambo moja hukuniuliza, na ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Picha yako ukiwa na kitambulisho cha NIDA mkononi imeshazunguka. Aibu itapita, namba ya NIDA haibadiliki kama laini. Piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma ukaifute, na ihifadhi hiyo skrini pia. Rudia kila baada ya mwezi kwa miezi kadhaa. Na ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ruhusa za programu, uone ni nani mwingine umemfungulia mlango wa namba zako. Aplikesheni ya tochi haihitaji kumjua mama mkwe.

Mimi mwenyewe niliwahi kupokea meseji ya aina hiyo, kuhusu mtu niliyefanya naye kazi miaka sita kabla, kwenye ofisi ambayo sote tulishaihama. Nilikuwa kwenye foleni ya daladala. Kabla sijafikiri kama wakili nilifikiri kama mbea: "Kumbe fulani kafikia huku?" Nakwambia hili ili ujue kwamba meseji zile hufanya kazi hata kwa mtu anayeijua sheria. Baadaye nilimpigia. Hakujua hata kama nilikuwa bado kwenye simu yake.

Na kwa kuwa wewe ni fundi, niruhusu nikuguse kidogo. Naamini una daftari la vipimo, na naamini unawaweka wateja kwenye status wakiwa wamevaa gauni lililokamilika. Hizo nazo ni taarifa za watu. Katika mkupuo uleule wa Septemba 2023 kule Kenya, kilabu kimoja cha starehe, Casa Vera Lounge, kilitozwa shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kubandika picha ya mteja bila ridhaa yake. Sisemi Tume itakuja kwenye fremu yako kuuliza kiuno cha mama fulani ni inchi ngapi. Nasema ukimaliza kumpiga picha bibi harusi, muulize, "Nikuweke?" Akisema hapana, usimweke. Na daftari la vipimo lisikae kaunta ambapo kila anayesubiri anapekua.

Turudi Tabora. Kisheria hukumuuza kaka, nimeshasema. Kiungwana ni jambo jingine. Kama wewe ndiye uliyemwandika kwenye yale majina mawili bila kumwambia, mwombe radhi kwa hilo peke yake. Usijibebeshe na la kampuni. Mpigie jioni akiwa ametulia, mwambie halipi hata shilingi, na mwambie kwamba lalamiko lake ni lake. Asiliandike nyuma ya karatasi yako wala asisubiri la kwako liishe. Yeye aeleze tu: sijawahi kukopa kwenu, sikuwapa namba yangu, mmeipata wapi? Wewe utaulizwa habari za mkopo, riba, siku ulizochelewa. Yeye hana la kuulizwa, ndiyo maana la kwake lina nguvu kuliko la kwako. Mkiyatuma, yatumeni siku moja.